Kiti cha Dereva Msaidizi

Mashine ya Mshikakasi ilikamata breki yenyewe kabla Mzee Lugendo hajanyoosha mkono. Treni iliyokuwa ikiruka kilomita mia tatu kwa saa ikapungua, ikalala kwenye kona ya milima ya Usagara kama mtu anayejigeuza kitandani.

"Umeona!" Mhandisi Tunsume alipiga makofi nyuma ya dereva. "Chai yangu haikutikisika hata kidogo!"

"Nimeona, Mhandisi. Imenifanya abiria kwenye treni yangu mwenyewe," Lugendo alisema akicheka.

Chini ya reli vilizikwa vinong'onezi, vidude vidogo kuliko punje ya hindi. Kila kimoja kiliiambia treni kona iliyo mbele na mwendo unaofaa. Mshikakasi ilisikiliza, ikapima uzito wa mabehewa, ikashika kasi. Ilikuwa kazi ya mikono ya Tunsume. Leo ikifaulu, madereva wasaidizi wangeondolewa kwenye treni zote. Kiti cha Sechelela, msaidizi wa Lugendo, kilikuwa tayari kitupu.

Lilibaki jaribio moja: mashine izimwe, dereva aonyeshe kwamba siku ikiharibika ataweza peke yake. Tunsume akaizima, kidole akakiacha juu ya kitufe cha kuiwasha.

Taa ikachomoza mbali, ikiwataka wapunguze mwendo.

"Njano!" Lugendo akaita.

Mkono wake ukafika kwenye breki, ukakaa hapo hapo. Kona ilikuwa inakuja mbio. Tunsume akashangaa, kisha akakumbuka desturi ya madereva: mmoja huita taa, mwenzake huitazama kwa macho yake na kuitaja, ndipo mkono hufanya kazi. Lugendo alikuwa anasubiri kujibiwa, na wala hakujua kwamba anasubiri.

Tunsume akaitazama taa. "Njano, nimeiona!"

Mkono ukashuka papo hapo. Magurudumu yakalia, kona ikapita.

"Shetani gani huyu?" Lugendo alifuta jasho. "Dereva mzima nimeganda!"

"Ulikuwa unamsubiri Sechelela, Mzee."

Lugendo akakigeukia kile kiti kitupu. "Kumbe!"

Redio ikakoroma. Alikuwa mkurugenzi wa shirika la reli, na nyuma yake watu walikuwa wakishangilia. "Hongera, dada! Nitangaze?"

"Mashine imefaulu. Dereva wa peke yake hakufaulu: aliita taa, akangoja jibu."

"Basi ifundishe mashine kujibu! Hilo kwako ni jambo dogo."

Kweli lilikuwa dogo. Tunsume alikwishaanza kuliwazia, Lugendo alipotikisa kichwa.

"Siku macho ya mashine yakikosea, Mhandisi, itaniitikia kwa macho yale yale. Sechelela ana yake. Nikikosea, ananitukana."

Tunsume akacheka, akaibonyeza redio.

"Tangaza, mkurugenzi. Sema kasi imeshikwa. Halafu mpigie Sechelela, umwambie asirudishe sare."