Ndege ya Rangi ya Chungwa

Vestina alitoka nyumbani kwao Yakobi kila asubuhi ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, sweta lake limefungwa vifungo mpaka shingoni. Wenzake walijikokota kwa baridi. Yeye alikimbia, maana kabla ya kengele ya shule ya misheni alipenda kupitia karakana. Mlangoni alimkuta Mzee Linus, mtunza stoo, akiota moto. "Kamwene, mjukuu wangu," mzee alimsalimu kwa Kibena kila siku, kisha akasogea ili Vestina naye apashe vidole moto.

Karakana hiyo ilisimamiwa na Mwalimu Kornelio, aliyefundisha kazi za mikono. Wakati wa vita kuu ya pili alikuwa askari wa mitambo ya redio huko Palestina, akarudi Njombe na mapenzi makubwa ya ndege. Sasa, mwaka 1956, alikuwa ameunda ndege ndogo, mfano wa ndege ya vita, kwa mbao nyepesi na karatasi ngumu. Ilikuwa na injini yake ya petroli, na iliruka bila mtu ndani wala kamba. Mwalimu alisimama chini na kasha la redio, akibonyeza kitufe ndege inageuka. Mitambo ile ya redio, kasha la mkononi na kipokezi kilichofungwa ndani ya ndege, aliachiwa na injinia Mzungu aliyerudi kwao. Ikipotea, ndoto ya ndege imekwisha, kwa kuwa mingine haikupatikana.

Vestina alikuwa msichana wa kwanza kuruhusiwa kufanya kazi karakanani. Filbert, aliyekaa dawati la nyuma yake na ambaye mdomo wake haukuwa na pazia, alisubiri kwa hamu siku Vestina atakayokosea.

Shule za wilaya zilipokaribia kukutana Makambako kwa michezo, Mwalimu alimkabidhi Vestina kazi ya kupaka rangi ndege, ambayo ingerushwa huko mbele ya wote.

"Ndege ya vita ya kweli hupakwa rangi ya kujificha," alisema. "Yetu hatutaki ijifiche. Nisipoiona siwezi kuiongoza, na isipoongozwa inaweza kumwangukia mtu. Paka mabawa rangi ya chungwa. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu," Vestina alijibu upesi, kwa sababu Filbert alikuwa anasikiliza.

Hakuelewa hata kidogo. Alisimama mbele ya rafu ya makopo ya rangi akikuna kichwa. Machungwa aliyajua. Yaliletwa sokoni Njombe kutoka nchi za joto huko mabondeni, nayo yalikuwa ya kijani. Hata yakiwa matamu kama asali, ganda lilikuwa kijani vilevile. Kopo la kijani lilikuwapo. Pembeni yake lilikuwapo lingine, la rangi inayowaka kama ua la boga. Mbona Mwalimu asitaje ua la boga? Rafiki yake Oktavia alimshauri aende kuuliza, kwani Mwalimu alikuwa bado ofisini. Vestina alikataa katakata. Aende kuuliza rangi ya chungwa kama mtoto wa darasa la kwanza, Filbert amcheke mpaka Krismasi? Akachukua kopo la kijani, akaifanya kazi ya makosa kwa uangalifu mkubwa sana.

Mwalimu alitangulia Makambako kuandaa uwanja. Wanafunzi walifuata kwa lori, ndege imeviringishwa katika blanketi. Walipofika, upepo wa Makambako ulikuwa unavuma kama kawaida yake, na watoto wa shule nyingi walikwisha kukaa kwenye majani wakisubiri. Mwalimu alifunua blanketi.

"Rangi ya chungwa iko wapi?"

Vestina aliyatazama mabawa ya kijani. Alikumbuka lile kopo la ua la boga, akajua amekosea. Nyuma yake Filbert alikuwa amenyoosha shingo. Maneno yalimtoka kabla hajayapima.

"Ilikuwa imekauka, Mwalimu. Mzee Linus aliacha kopo wazi."

Mwalimu alitazama umati, akatazama vilima vya kijani vilivyopandwa miti ya miwati upande wa pili wa uwanja. Hakufurahi, lakini hakutaka kuwarudisha watoto bila kuona kitu. Alisema ataizungusha karibu karibu tu.

Ndege iliinuka vizuri na watoto wakashangilia. Ilipokata kona ya kwanza, upepo uliisukuma kuelekea vilimani. Kijani kiliingia katika kijani. Mwalimu alikaza macho, jasho likamtoka pamoja na baridi yote ile.

"Siioni," alisema kwa sauti ndogo, akabonyeza kitufe kwa kubahatisha.

Mngurumo uligeuka, ukaanza kurudi upande wa watoto. Waliusikia wote, hakuna aliyejua unatokea wapi. Mwalimu aliwaamuru walale chini. Vestina alijitupa kifudifudi, akasikia kitu kikipita juu ya kichwa chake kwa kishindo. Alipoinua uso, mngurumo ulikuwa umekwenda mbali tena. Kisha ukakatika ghafla ndani ya shamba la miwati.

Hakuna aliyeumia. Lakini walitafuta chini ya miti ile mpaka miguu ikawauma, wasione hata kipande. Mwalimu alifuta macho kwa kiganja.

"Linus nimemwonya mara nyingi juu ya yale makopo," alisema. "Leo watoto wangeumia. Nitamwambia Padre wa misheni amtoe kazini."

Vestina alimwona akilini yule mzee akisogea mbele ya moto ili yeye apate nafasi. Filbert alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, na bado Vestina alisema.

"Mwalimu, Mzee Linus hana kosa. Rangi haikukauka. Nilipaka kijani kwa sababu machungwa ninayoyajua ni ya kijani. Nilijifanya nimeelewa, halafu nikadanganya."

Filbert alianza kucheka, akaona uso wa Mwalimu, kicheko kikamfia mdomoni. Mwalimu aliketi juu ya kisiki.

"Machungwa ya Palestina yanawaka kama moto," alisema taratibu. "Nilisahau ya kwetu."

Vestina alifuta machozi. Hapo akawaza kwamba kijani kinajificha kwenye majani, lakini angani hakuna majani. Alilala chali, akatazama juu. Wenzake nao wakalala. Muda si mrefu Filbert alinyoosha kidole: kivuli cheusi, kilichonyooka, kilikuwa kimekwama kati ya matawi na mwanga wa anga. Lilikuwa bawa. Walipoiteremsha ndege, bawa lingine lilikuwa limevunjika, lakini redio iliyokuwa ndani ilikuwa nzima.

Mwalimu aliishika ndege kifuani, akamgeukia Vestina.

"Kupaka kijani si kosa lako peke yako, hata mimi nimo. Kosa lako lilianza uliposema umeelewa na hujaelewa. Ili kulificha, ukamtwika mtu asiyekuwapo kujitetea. Asiyeuliza kwa kuogopa aibu huishia kudanganya, na uongo wake humwangukia mwingine. Kesho utamwambia Mzee Linus mwenyewe."

Vestina alimwambia, akilia. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasogea kumpa nafasi kwenye moto.

Bawa lilipokwisha kutengenezwa, Mwalimu aliweka kopo la ua la boga mezani mbele ya darasa zima, akamgeukia Vestina.

"Juu rangi hii, chini nyeusi, ili ionekane ikiwa angani. Umeelewa?"

Vestina alitazama ndege, akamtazama Filbert, akamtazama Mwalimu.

"Hapana, Mwalimu," alisema. "Na mkia je?"