Waya ni Waya

Enyi mlio na wenza majumbani, sogeeni niwasimulie habari za DJ mmoja wa mtaani, mtu aliyekuwa na raha yake akaichezea mwenyewe.

Zamani hizo, Jumamosi mchana, sebule yake ilikuwa na uhai. Viti vilisukumwa ukutani, spika zikawekwa karibu na mlango, na yeye na mkewe wakakaa sakafuni kunyoosha waya. Mke alifuta vichwa vya waya kwa kitambaa, mume akijaribu nyimbo kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Walibishana wimbo upi utangulie, wakacheka mpaka chai ikapoa. Amplifaya yao, mashine ya kukuza sauti, waliinunua pamoja kabla hata ya kununua kitanda.

Kwenye sherehe mume alikaa mbele na sifa zote. Aliyeunganisha mitambo alikuwa mkewe. Wote wawili waliridhika, mpaka mgeni mmoja alipotania, "Kumbe fundi ni mama, wewe kazi yako kubonyeza tu."

Watu waliangua kicheko. DJ alicheka nao, lakini maneno yale yalimchoma.

"Mama Watoto, kuanzia sasa wewe kaa nyumbani," alimwambia. "Hii kazi nitaiweza peke yangu."

Mkewe alikikunja kile kitambaa chake cha kufutia waya. "Haya. Ila kumbuka, ule waya mwembamba ni wa kutoka kwenye mikisa kuingia kwenye amplifaya. Kutoka amplifaya kwenda kwenye spika ni ule mnene. Vichwa vyao vinafanana, visikudanganye."

"Waya ni waya."

Hebu oneni kichwa kigumu hicho, wenzangu.

Miezi kadhaa baadaye alipata harusi kwenye ukumbi mpana, na waya mnene haukufika kwenye spika ya mbali. Badala ya kuisogeza, DJ alichukua ule mwembamba mrefu akauchomeka. Ukaingia bila shida. Akapandisha sauti, maharusi wakaanza kuingia, wageni wakasimama, naye akajiona hana mpinzani.

Haukupita muda, akasikia harufu ya plastiki inayoungua. Waya ulikuwa umeyeyuka, nyuzi zake za ndani zimegusana. Amplifaya ikakoroma, ikazimika. Bibi harusi akabaki katikati ya ukumbi, hajui aendelee kucheza au akae. DJ alitamani ardhi ipasuke immeze.

Fundi aliyeitwa kuitazama aliifungua, akatikisa kichwa. Haikuwa ya kutengenezeka tena.

DJ alirudi nyumbani akitegemea kugombezwa. Mkewe alikuwa akikunja nguo sebuleni.

"Nimeiunguza," alisema. "Ulinieleza, nikakupuuza. Nisamehe. Tutaazima mitambo, turudi kazini pamoja."

"Nimekusamehe, Baba Watoto," alijibu kwa upole. "Lakini mimi nimeshazoea kukaa. Kazi ile niliipenda kweli. Na wewe nilikupenda zaidi tukiwa kazini."

Mpaka leo DJ huikumbuka sebule ile ya zamani kwa uchungu, na mtu pekee ambaye angeikumbuka naye yuko chumba cha pili, hataki tena habari za muziki.

FUNZO

Ndugu zangu, anayekushika mkono kazini usimfiche kwa kuogopa kuchekwa. Msikilize anapokueleza, na umtaje mbele za watu angali na hamu ya kukusaidia. Amplifaya nyingine DJ alikuja kuipata. Jumamosi zile hakuzipata tena.