Anakula Nini?

Jumamosi, Judica alipomaliza kukamua ng'ombe na kuosha vyombo, alimfuata mama yake ofisini. Mama huyo, Scolastica, alikuwa katibu wa ushirika wa wakulima wa vitunguu saumu katika kata ya Daudi. Siku hiyo Judica hakutembea, aliruka! Kamati ilikuwa inachagua seva, yaani mashine ya kutunzia mafaili ya kompyuta zote za ofisi. Yeye, mwanafunzi wa darasa la sita, ndiye aliyepewa kazi ya kulinganisha gharama.

"Shikamooni," aliwaamkia wajumbe.

"Marahaba, mwanetu."

Judica alisimama ubaoni, kifua mbele. "Njia ziko tatu. Seva kubwa iliyotumika ni laki sita. Kisanduku kidogo kipya cha kuhifadhi mafaili ni laki tisa. Tukikodi nafasi kubwa mtandaoni, tutalipa kila mwezi bila mwisho. Basi tuchukue iliyotumika!"

Wajumbe walipiga makofi, na Judica akavimba kichwa kidogo. Mama alikwisha kushika simu ampigie muuzaji. Ndipo mwenyekiti, mzee Akonaay, mfugaji aliyezeekea zizini, akakuna kidevu.

"Mjukuu wangu, ng'ombe huyo bei yake nafuu kweli. Anakula nini?"

Watu waliangua kicheko. Judica naye alicheka, kisha kicheko kikamkatika. Seva inakula umeme! Tena usiku na mchana. Hilo hakuliuliza kabisa. Makofi yale yalikuwa matamu, na angenyamaza, nani angejua? Lakini fedha zile zilikuwa jasho la wakulima, baba yake akiwemo.

"Mama, usilipe!" alisema. "Nimekosea. Nimehesabu bei ya kununua tu."

Mama alimpigia muuzaji, akamuuliza mashine hizo zinatumia umeme kiasi gani. Judica alishika chaki, akazidisha mbiombio, vumbi likimjaa puani. Seva kubwa ingekula umeme wa zaidi ya elfu sabini kwa mwezi, na kisanduku kisingefika hata elfu kumi. Kabla ya nusu mwaka, ile ya bei nafuu ingekuwa ghali kuliko kisanduku!

"Na kisanduku kikiungua?" aliuliza mzee Akonaay.

Macho ya Judica yaling'aa. "Babu, ng'ombe wako wote unawalaza zizi moja?"

"Hata! Wengine wanatunzwa na rafiki yangu Tomaso, kule Masieda. Ugonjwa ukiingia kwangu, mbegu inabaki."

"Basi nakala za mafaili muhimu tuziweke mtandaoni. Tukodi nafasi ndogo tu, gharama yake si kubwa."

Safari hii makofi yalitikisa mabati. Kamati ilikubali kununua kisanduku, na Judica akamkumbatia mama yake kwa furaha.

"Umefanya vizuri," alisema mzee Akonaay. "Kukosea si aibu. Aibu ni kuliona kosa ukalifunika ili uendelee kusifiwa. Na ukinunua kitu chochote, mjukuu wangu, kumbuka: bei ya ng'ombe huisha mnadani, lakini majani hutafutwa kila siku."