Bomba la Darubini

Zabroni, mwalimu rafiki yangu wa Newala, aliniapia haya. Darubini yake ya kioo ilionyesha ukungu mtupu, kwa kuwa lenzi ya jicho ilikaa karibu mno na kioo cha ndani. Alijaribu adapta mbili za kuunganishia lenzi, wapi! Akaenda Masasi, akachagua kipande cha bomba cha kuirefusha.

Aliporudi nyumbani akalifunga, na giza likiingia, akaielekeza darubini kwenye mikorosho ya bondeni. Akaonekana bibi kizee, kichwa chini kama darubini hizo zinavyogeuza kila kitu, anamtazama.

"Shikamoo, bibi," ikamtoka kwa mazoea.

Mkewe, Dorika, akacheka. "Atakusikia huko bondeni?"

Upepo ukakatika. Majani yakanyamaza.

"Marahaba," sauti ikaitika ndani ya bomba, karibu na jicho lake. "Na huyo Dorika, mbona haniamkii?"