Shikamoo ya Darasa Tupu

Wanaosema shule hulala watoto wakishaondoka, hao hawajawahi kubaki nyuma kusahihisha madaftari. Mwalimu wa darasa la tatu alibaki karibu kila siku. Alikuwa na wanafunzi themanini na kitu, watatu watatu kwenye dawati la wawili, na ili wa nyuma asikie ilimbidi apige kelele tangu asubuhi. Watoto wakambandika jina la Kipaza. Alilijua, akajifanya halijui.

Siku yenyewe ilianza na jambo dogo tu. Watoto walisimama, wakaimba kama kawaida, "Shikamoo mwaliiimu!" Walipokwisha kunyamaza, sauti moja ya kitoto ikamalizia peke yake kule nyuma, taratibu: "...mwalimu."

"Nani huyo anayeburuta?" Kipaza akauliza.

Watoto wakacheka. Kule nyuma palikuwa na madawati mabovu yaliyorundikwa, basi. Akaendelea na hesabu za kugawanya, na kabla ya kengele mtoto mmoja aliyekuwa akilia kila siku kwa kushindwa akaruka juu, "Mwalimu, imetoka!" Kwa neno hilo moja mwalimu hushiba wiki nzima. Mengine yote ni shukrani ya punda.

Alasiri akaenda ofisini kutafuta kalamu nyekundu, akarudi darasani. Alipokanyaga kizingiti, madawati yakakwaruza sakafu kama watu wanaosimama.

"Shikamoo mwalimu."

Mazoea yana taabu. Kwa miaka kumi na sita alikuwa akiitikia salamu hiyo bila kufikiri. "Marahaba," akasema, macho kwenye kifuniko cha kalamu. "Kaeni."

Madawati yakakwaruza tena. Ndipo alipoinua uso, akakuta darasa tupu, na harufu ya jasho la watoto waliofungiwa chumba kimoja muda mrefu ikamjaa puani. Madaftari aliyaacha hapohapo.

Tangu hapo miguu ikawa si yake. Kila akisimama ubaoni, vidole vidogo vya baridi vilimshika vifundo. Jioni akivua soksi, anakuta alama nyeupe za chaki, za vidole vya mtoto, mguu huu na huu.

"Ni kusimama tu, dada," mwalimu wa sayansi alimtania ofisini. "Watu wengine huzeeka uso, sisi tunazeeka miguu. Si ndiyo wito wenyewe?"

"Wanaotuambia ni wito, mbona wao hawakuitika?" Kipaza akajibu, akashusha soksi.

Yule bwana aliziona alama, akainama kuzihesabu.

Angevumilia, kuvumilia alikuwa amekuzoea. Lakini wiki hiyohiyo uhamisho wake ulitoka, baada ya kuuomba miaka sita. Binti yake alikuwa akilelewa na bibi, mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Kipaza aliwafundisha kusoma watoto wa watu mpaka basi, na wa kwake akafundishwa na wengine. Kwenye simu mtoto alimwamkia, "Shikamoo mama wa likizo," kisha akacheka, na mama naye akacheka, halafu akikata simu analia. Sasa angekuwa mama wa kila siku. Akafunga virago, akaaga, akafika kwenye geti la shule, na miguu ikagoma. Akavuta, wapi! Watoto wakampita wakidhani anawangoja.

Rafiki yake wa sayansi ndiye aliyemletea mganga hapohapo shuleni, mwanamama mnene mwenye haraka zake.

"Ulimwitikia?" mganga akanong'ona alipokwisha kusikia kisa chote.

"Nilimwitikia."

"Halafu?"

"Nikamwambia... kaeni."

"Mama wee!" Mganga akashika kichwa. "Mtu kakushika miguu kwa shikamoo yake, ukampokea kwa marahaba, ukamwambia akae. Unalalamika nini? Amekaa! Sasa sikiliza. Uliyemkaribisha ndiye wa kumtoa. Akikuamkia, usiitikie. Mwambie, 'Rudi kwenu ulikotoka.' Hayo tu. Usiongeze lako, ninyi walimu mna maneno mengi."

Alasiri ya siku ya pili, mganga akabaki mlangoni, Kipaza akaingia darasani peke yake. "Shikamoo mwalimu," ikasema kona ya nyuma, naye akang'ata ulimi. "Shikamoo mwalimu," ikasema karibu zaidi, chini ya meza, na vile vidole vikapanda kutoka kwenye vifundo kwenda magotini, vingi kuliko miguu ya mtu mmoja inavyoweza kubeba, na ile harufu ikamziba pumzi, na maneno ya mganga yakampotea kichwani moja baada ya jingine huku zile sauti zikianza kulia, zikilia kama watoto waliosahauliwa shuleni, "Mwalimu tumechoka, mwalimu tumechoka," mpaka ulimi wake, ambao kama ndimi zote hauna mfupa, ukasema wenyewe kile ulichokuwa ukisema kila alasiri.

"Haya. Nendeni nyumbani."

Vidole vikalegea magotini.

"Nyumbani?" sauti ikauliza kwa furaha.

Mlango ukabamizwa, nyayo nyingi zikatimka uani, na miguu yake ikawa myepesi.

"Umesema nilivyokuagiza?" mganga akauliza.

"Nimesema," Kipaza akajibu akilia kwa faraja. Kwake yeye, 'kwenu' na 'nyumbani' vilikuwa kitu kimoja; nyumbani kwa nani, hakusema.

Kesho yake jioni akashuka kwenye basi, akakimbia, kweli akakimbia, mpaka kwa mama yake. Mama akamfungulia mlango nusu.

"Afadhali umekuja, mwanangu," akanong'ona. "Mtoto tangu jana alasiri kasimama. Usiku kucha. Namwambia kaa, ananiambia si wewe wa kusema."

Ile harufu ikamfikia mlangoni. Binti alikuwa kwenye kona ya chumba, mikono ubavuni, miguu myeupe kwa chaki hadi magotini, na magoti yakimtetemeka.

"Mwanangu," Kipaza akaita.

Mtoto akatabasamu. "Shikamoo mwalimu," akasema, na mdomo wake ulipokwisha kufumbwa, sauti nyingine zikamalizia ndani yake, taratibu: "...mwalimu."

Kipaza akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mwitikie mtoto!" bibi akaomba. "Humwoni? Atavunjika!"

Goti moja likakunjika, likajinyoosha kwa nguvu isiyo ya mtoto. Kisha kwa chini sana, chini ya sauti zote, ikatoka ile aliyoijua kwenye simu: "Mama wa likizo, miguu inauma."

Mama gani angesubiri? Akashusha mikono.

"Marahaba," akasema, machozi yakimtiririka. "Kaeni."

Mtoto akaketi. Na kila kiti, kila kigoda, na kitanda cha chumba cha pili, vikalia kwa uzito wa waliokaa.