Mkeka Katikati ya Darasa

Mathayo alikuwa mnyapara katika bandari ya Mtwara. Kazi yake ilikuwa kuwapanga wachukuzi wa magunia ya korosho. Alisimama mlangoni mwa ghala, akanyoosha kidole.

"Wewe na wewe, gunia hili! Wewe na wewe, lile pale! Upesi, meli haisubiri!"

Hakuna aliyemuuliza swali. Mnyapara akisema, mtu anainama, anabeba. Mathayo aliipenda sauti yake, na kusema kweli, ilikuwa sauti nzuri ya kuamrisha.

Jioni alirudi mtaa wa Chikongola, alikopanga vyumba viwili na mkewe Raheli. Siku moja alimaliza kula ugali, akanawa mikono, akasema, "Mke wangu, nimeacha kazi."

Raheli alishika kichwa. "Umefukuzwa?"

"Sikufukuzwa. Nimepata nafasi chuo cha ualimu."

"Baba Elizabeti! Mtu mzima na ndevu zako, unakwenda kukaa kwenye dawati?"

"Walimu wanatakiwa. Siku hizi hata watu wazima wanafundishwa kusoma. Wachukuzi wangu hawajui kusoma alama zilizo kwenye gunia. Nimechoka kuwasomea."

Raheli alinuna siku kadhaa. Kisha akaanza kuuza maandazi, maana kununa hakujazi chungu.

Mwaka 1973 chuo kilimpeleka Mathayo kufanya mazoezi ya kufundisha katika kijiji cha Mnalila, upande wa Mnazi Bay. Raheli na binti yao Elizabeti walikwenda naye. Asubuhi Mathayo alifundisha watoto. Alasiri alifundisha watu wazima darasa la kisomo. Mwalimu mkuu alimwambia mapema, "Mkufunzi wako atakuja kutazama darasa la watu wazima. Akiridhika, umekuwa mwalimu. Asiporidhika, rudi bandarini kama watakupokea."

Mathayo alijua kwamba hawatampokea. Nafasi yake ilikwisha chukuliwa.

Wanafunzi wake walikuwa wakulima wa korosho na mihogo. Walikuja kwa bidii. Lakini wawili walimkera. Hamisi, mwanamume wa miraba minne, alikaa mbele kabisa, kando ya dirisha. Hakugeuka nyuma hata akiitwa. Bi Zainabu, mama wa makamo, alikaa nyuma kabisa, kando ya mlango wa nyuma. Aliingia baada ya wote, akatoka kabla ya wote.

"Hawa wana kiburi," Mathayo alijisemea. "Nitawanyoosha."

Alasiri moja alisema, "Vitabu ni vichache. Leo tutasoma wawili wawili." Akanyoosha kidole. "Wewe na wewe! Wewe na wewe! Hamisi, wewe na Bi Zainabu. Njooni mkae benchi hili."

Mtu mmoja aliangusha kitabu, wala hakukiokota. Bi Zainabu alijifunika khanga uso mzima.

"Hamisi, husikii? Geuka umpokee mwenzako!"

Hamisi hakugeuka. Jasho lilimtoka shingoni. Mathayo akaona anadharauliwa. Alikwenda nyuma, akamshika Bi Zainabu mkono, akaanza kumvuta mbele.

Hamisi alisikia hatua zinamkaribia. Aliruka dirishani, mwili wote ule, akaanguka nje puu, akainuka na kukimbia kuelekea mikorosho. Bi Zainabu alipiga yowe. Aliunyakua mkono wake, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma, akaacha kandambili zake ndani.

Wengine wakasimama. Mzee Hassani, mkubwa kuliko wote darasani, aliokota fimbo yake.

"Mwalimu," alisema, "umetuvua nguo."

Akatoka. Wote wakamfuata. Mathayo alibaki na chaki mkononi, mdomo wazi. Bandarini aliwahi kuona wezi wakikimbizwa, lakini hata mwizi hakukimbia namna ile.

Kesho yake hakuja mtu. Keshokutwa yake hakuja mtu. Mathayo alikaa mbele ya mabenchi matupu. Mkufunzi alitarajiwa wiki iliyofuata.

Raheli hakungoja. Alikwenda kwa jirani yao Rehema, aliyekuwa mwanafunzi wa darasa lile lile, akamleta nyumbani. Rehema alikuwa mwanamke wa maneno yake, hamung'unyi.

"Mwalimu," alisema, "Bi Zainabu ana binti, jina lake Amina. Amina ni mke wa nani?"

"Sijui."

"Wa Hamisi."

Mathayo alikaa chini kwenye kizingiti kama mtu aliyepigwa. "Mungu wangu! Ni mkwewe?"

"Mkwewe kabisa. Huku kwetu mwanamume akioa, anahamia kwa kina mke wake. Anaishi pua na mdomo na mama mkwe. Kwa hiyo wanaheshimiana. Hamisi akimwona njiani, anaingia porini mpaka apite. Hawatazamani, hawakaribiani. Na wewe unataka wagusane magoti kwenye benchi!"

"Mimi nimekulia misheni, Bi Rehema. Sikujua."

"Hukujua, na hukuuliza. Ulidhani tumekaa hovyo. Hatukukaa hovyo! Mwalimu aliyekutangulia alituacha tujipange wenyewe. Kila mtu alijua mahali pake."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambia saa ngapi? Wewe ni kidole tu: wewe na wewe, wewe na wewe. Sisi tuna majina, mwalimu. Na kila jina lina ndugu zake."

Mathayo aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Alidhani ameacha unyapara ghalani, kumbe ameingia nao darasani.

Rehema hakuwa amemaliza. "Unajua kwa nini wale wawili walikuja kusoma? Mwaka jana mtoto wa Amina alipata homa. Bibi yake, Bi Zainabu, akampa vidonge vya mtu mzima. Pakiti ilikuwa imeandikwa, lakini nani aisome? Hamisi mwenyewe ndiye aliyeileta, naye hajui herufi. Mtoto alizimia. Tulikwisha kuanza kulia matanga! Mungu akamrudisha. Tangu siku hiyo mkwe na mkwe waliapa, kila mtu kwake, kwamba watajua kusoma. Sasa umewafukuza wote wawili."

Raheli alifunika mdomo kwa mkono. Alimtazama mumewe, akasema, "Siku wakimpa tena yule mtoto vidonge visivyo vyake, itakuwaje?"

Mathayo akauliza kwa sauti ndogo, "Nifanye nini?"

"Kaombe radhi. Usiende kwa Bi Zainabu, nenda kwa kaka yake. Ni Mzee Hassani. Huku kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Na usiende mikono mitupu."

Mathayo alimchukua jogoo mmoja, akaenda. Mzee Hassani alimpokea yule jogoo, akamfunga mguu kwenye nguzo.

"Mtu mzima hafundishwi kwa kuburutwa," alisema mwishowe.

"Kweli, mzee. Nimekosa. Naomba mnisamehe."

"Sasa utatupangaje?"

Mathayo alifungua mdomo kutoa amri, kama alivyozoea. Akaufunga. "Sitawapanga mimi," alisema. "Nimekuja kuwauliza ninyi."

Mzee Hassani alishtuka. Hajapata kuona mwalimu anauliza. Akacheka kidogo, akamwita mkewe alete maji ya kunywa.

Siku ya pili wazee walikuja darasani na mkeka mpana wa ukindu. Waliuning'iniza kwenye boriti, katikati ya chumba, kutoka mbele hadi nyuma. Wanawake, Bi Zainabu akiwemo, waliingia kwa mlango wa nyuma; wanaume, Hamisi akiwemo, kwa mlango wa mbele. Kila mtu alichagua mwenyewe wa kusoma naye. Mathayo alisimama mbele, pande zote mbili zikamwona. Kisha akauliza, "Mnataka kusoma nini kwanza?"

"Dawa!" Rehema alijibu kwa niaba ya upande wa wanawake. Basi wakaanza na maneno ya pakiti za dawa.

Mkufunzi Andrea alifika kwa Land Rover, amevaa kofia. Aliingia, akasimama ghafla.

"Ndugu Mathayo! Nini hii? Unafundisha watu nyuma ya mkeka? Uteremshe sasa hivi!"

"Samahani, Ndugu Mkufunzi. Hautateremshwa."

Mwanafunzi anamkatalia mkufunzi wake!

"Unajua kwamba mimi ndiye nitakayekupa alama?"

"Najua, ndugu." Mathayo aliushika ukingo wa mkeka. "Lakini mkeka huu ukishuka, utabaki na mabenchi matupu. Nilikwisha kosea hapo. Tafadhali, wasikilize kwanza."

Mkufunzi Andrea alikunja uso. Alitia mkono mfukoni, akatoa pakiti ya vidonge vyake mwenyewe. "Wasije wakawa wamekariri," alisema. "Hii hawajaiona. Mpe yeyote."

Pakiti ilipita chini ya mkeka. Kisha sauti ya mwanamke ikasikika, ya polepole, inayotetemeka.

"Mtu... mzima... vidonge vinne. Mtoto... mdogo... nusu... ya kidonge." Sauti ilisimama, ikavuta pumzi. "Usi-zi-dishe. Usizidishe!"

Upande wa wanaume, Hamisi aliinamisha kichwa. Mabega yake makubwa yalitikisika.

"Nani huyo amesoma?" Mkufunzi aliuliza.

Hakuna aliyejibu. Bi Zainabu asingeweza kujitaja pale, na wengine waliona si neno lao. Ndipo Hamisi aliposimama. Aligeuzia uso dirishani, asije akauona hata mkeka.

"Amesoma mama mkwe wangu!" alisema kwa sauti ya juu.

Watu walipigwa na butwaa. Hamisi hajapata kumtaja mbele za watu. Kisha nyuma ya mkeka vikalipuka vigelegele, na Rehema ndiye aliyeanza.

Mkufunzi Andrea alivua kofia. Alitafuta nafasi upande wa wanaume, akakaa kwenye benchi pamoja nao.

"Endelea, mwalimu," alisema.