Kioo Kilichomshinda Fahali

Minza alikuwa fundi cherehani mjini Bariadi. Biashara huria ilipoanza, wanunuzi wa pamba waliongezeka, wakulima wakapata fedha, na wanawake wa vijiji vya Nkoma na Lalago wakawa wanakuja kwake kushonesha nguo. Yeye na mumewe, Shigela, wakajenga chumba cha kushonea chenye dirisha kubwa la kioo. Minza alilipenda mno dirisha lile. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, na bila mwanga ule hakuweza kutunga uzi kwenye sindano.

Tatizo lilikuwa fahali wa Shigela. Siku moja, akitoka kunywa maji, fahali huyo aliona kwenye kioo fahali mwingine akimkodolea macho. Hakutaka maelezo. Akainamisha kichwa, akapiga. Kioo kikavunjika vipande virefu, na kimoja kikamchana Minza mkono. Alishonwa nyuzi saba.

"Tuzibe kwa bati, mama Nyanjige," Shigela alisema kwa aibu.

"Halafu nishone kwa kupapasa? Bora uniambie niache kazi!" Minza alijibu, machozi yakimlengalenga.

Kesho yake akaja Mayala, fundi vioo.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimu Minza kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

Mayala alitoa mfukoni punje za kioo, akazimimina kwenye kiganja cha Minza. Minza akashtuka.

"Usiogope. Tazama, hazina ncha ndefu. Ni kioo cha ubavuni cha basi lililogongwa. Kiwandani hupashwa moto mkali, kisha hupozwa ghafla kwa upepo. Ndiyo maana kina nguvu kama mara nne ya kile chenu. Kikizidiwa, humwagika punje kama mahindi. Hakiachi visu."

"Kwa hiyo hakivunjiki?" Shigela akauliza.

"Kinavunjika, baba. Uso wake ni mgumu, lakini udhaifu wake uko ukingoni. Kigonge pembeni, hata kidogo tu, utakizoa kwa fagio."

Shigela hakungoja zaidi. Akatanua mikono dirishani kama apimavyo kamba za ng'ombe. "Pima moja na shubiri mbili. Andika!"

"Hapana! Kikishapikwa hakikatwi wala hakitobolewi. Ukikosea kidogo, hakiingii."

Mayala akapima mara tatu kwa futikamba. Shigela alikuwa amezidisha shubiri nzima. Minza akacheka, mara ya kwanza tangu aumie.

Kioo kilipofika kutoka Mwanza, Shigela alikibeba kwa fahari, akataka kukisimamisha juu ya jiwe la mlangoni.

"Pembe ya kioo, baba Nyanjige! Pembe!" Minza akapiga kelele. "Kilaze kwenye magunia!"

Mayala akatabasamu. Mwanafunzi wake alikuwa ameiva. Akakifunga kioo vizuri, akaweka mpira pande zote, akamwambia Shigela amfunge fahali wake kamba.

Jumamosi iliyofuata Shigela alikuwa bado anaitafuta hiyo kamba. Minza alikuwa akishona karibu na dirisha, na mteja wake, Felisita, amesimama kando. Fahali akatokea. Akamwona yule adui yake wa zamani.

Du!

Felisita akajitupa chini ya meza. Kioo kikatetemeka, kikatulia. Hakuna hata ufa. Fahali akarudi nyuma, akakitazama, akaenda zake kichwa chini. Shigela akaja mbio na kamba mkononi, akihema.

Furaha ilimjaa Minza kifuani. Mguu wake haukuwa umeacha kukanyaga cherehani.

"Felisita, toka huko chini," alisema. "Njoo nikupime mkono."